Kuku Aliyepitiliza Stesheni ya Ruiru

Mama yangu alinipa kuku mmoja nimpelekee kaka yake. Hilo ndilo furushi la maana nililosafiri nalo kutoka Butere: mtetea mwenye madoadoa, miguu imefungwa kwa ukambaa wa mgomba, kichwa nje ya kikapu, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewesha gari la moshi. Shule nilikuwa nimeiachia kidato cha pili. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wenyeji wengi walikuwa wameondolewa mashambani, na mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika yalikuwa yanatafuta watu kutoka kwetu magharibi. Mjomba Zakayo alikuwa ametangulia. Alituma salamu kwamba kuna kazi ya ukarani, kuandika madebe ya wachumaji kahawa, na kuna mahali pa kulala. Hakutuma salamu kwamba anataka kuku, lakini kwetu Waluhya hilo halisemwi.

Butere hadi Kisumu, Kisumu hadi Nakuru, Nakuru hadi Nairobi, benchi la mbao, na njia nzima watu walizungumza na kuku zaidi kuliko walivyozungumza nami. Mama mmoja alimpa maji kwa kiganja. Mzee mmoja aliniuliza kama anauzwa.

"Huyu ni wa mjomba," nikamwambia.

"Basi maskini," akasema, akampapasa kichwa.

Nairobi nilibadilisha gari, nikapanda la Thika. Tulipokaribia Ruiru kuku akaanza kuhangaika, akajinyanyua kikapuni, akataga. Yai likatoka, likaanguka juu ya sketi ya abiria, likabingirika chini ya benchi. Nilipiga magoti kulitafuta kati ya miguu ya watu na magunia. Nilipolipata na kuinuka, nikauliza tumefika wapi.

"Ruiru imepita, kijana," jirani yangu akaniambia. "Lakini yai umepata."

Ndivyo nilivyoshukia Thika, mahali ambapo sikuwa namjua mtu, nina kuku mkono mmoja na yai mkono wa pili. Kuku alikuwa anahema kwa kiu, nami nikasikia sauti ya maji mengi, nikaifuata. Nikajikuta kwenye maporomoko ya Chania, nyuma ya ile hoteli ya Wazungu. Mpishi alikuwa amekaa nje ya jiko akimenya viazi, mtu mnene mwenye aproni iliyokuwa nyeupe zamani. Alitazama yai kabla ya kunitazama mimi.

"Lete."

Alilitumbukiza kwenye karai la maji. Lilizama, likalala kiubavu chini kabisa.

"Ni la leo," akasema.

"La saa hii. Ametaga kwenye gari la moshi."

Alicheka mpaka kiazi kikamponyoka. Kisha akaacha kucheka, akaniambia jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. "Watu wananiletea mayai wiki moja, wiki ya pili siwaoni. Wengine wananiletea yanayoelea. Mimi nikimpata mtu wa kuniletea mayai ya kuzama kila Jumamosi bila kukosa, sitamtazama mwingine. Akikosa Jumamosi moja tu, asirudi."

Nilimwachia lile yai, akanipa chai na kipande cha mkate, nikaanza kutembea kurudi Ruiru na kuku wangu kikapuni. Kabla sijafika nilikuwa nimekwisha kuamua. Sitaandika madebe ya kahawa ya watu maisha yangu yote. Nitafuga kuku, nitapeleka mayai kwa yule mpishi kila Jumamosi, nitakuwa mtu wa kujitegemea. Barabarani jambo hili lilionekana rahisi sana.

Nawaeleza haya, ninyi vijana, kwa sababu mnakuja hapa kwangu mkiwa na macho yale yale niliyokuwa nayo mimi siku hiyo. Mnaniuliza nianze na kuku wangapi, nijenge banda la namna gani, nilishe nini. Maswali mazuri. Lakini sijapata hata mmoja wenu aliyeniuliza: Je, nikiwa na kuku, wageni wangu watakula nini? Mtu wa kwetu asiyejiuliza swali hilo kabla ya kununua kuku anajenga banda la kuhifadhi kitoweo.

Nilifika kwa Mjomba jioni. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kanisani, mnyapara kwenye mashine za kuosha kahawa, na nyumba yake kwenye laini za wafanyakazi ilikuwa mlango wa kwanza wa kila mtu aliyetoka kijijini kwetu kutafuta kazi. Alinikumbatia, akamtoa kuku kikapuni, akampima uzito kwa mkono, akamwita mkewe alete kisu.

"Mjomba, huyu ametaga njiani," nikasema.

Mke wa Mjomba, Mama Rispa, alitoka na kisu, akamshika kuku, akapitisha vidole chini ya mkia. Kuna mifupa miwili pale, myembamba, kila upande mmoja. "Vidole vitatu vinaingia," akasema. "Huyu ndiyo ameanza. Kuku anayetaga hata kwenye gari la moshi hachinjwi."

"Nimeletewa kuku," Mjomba akasema, "sikuletewa mpangaji."

Lakini Mama Rispa alikuwa amekwisha kumfungua miguu. Tukamwita Stesheni.

Huo ulikuwa ndio mwanzo wangu, na Mama Rispa ndiye aliyenifundisha. Vidole vitatu, kuku anataga. Kidole kimoja, amefunga, na hapo unaweza kumfikiria kwa njia nyingine. Nimewaonyesha wengi wenu jambo hili, mkamshika kuku kama mtu anayeshika moto, mkasema mmeelewa, kisha wiki ya pili nasikia mmechinja mtagaji na mmebaki na bibi kizee anayekula bure. Shikeni. Hang'ati.

Banda la kwanza nilijenga kwa mabati ya zamani na mabao ya masanduku, nikaliweka chini ardhini, kwa sababu nilikuwa mvivu wa kuchimbia nguzo. Asubuhi moja nilikuta siafu wamepita. Sitaeleza nilichokikuta. Nikajenga upya juu ya miguu minne, kila mguu nikauzungushia majivu ambayo nilikuwa nayabadilisha kila mvua ikinyesha, mlango ukatazama jua la asubuhi ili banda likauke. Kwenye kiota niliweka jiwe jeupe, duara, nililookota mtoni. Kuku akiona kuna yai, hutaga hapo hapo. Hilo jiwe Mjomba alijaribu kulichemsha siku moja. Sisemi zaidi.

Kwa jogoo wa jirani, Stesheni alitotoa mara ya kwanza, akatotoa tena, na vifaranga wakakua, nami nikaanza kuhesabu Jumamosi. Ndipo wageni walipoanza.

Shemeji wa jirani yetu wa kule nyumbani aliletwa na gari la moshi, anatafuta kazi ya mkonge Thika. Kuku. Mtoto wa mchungaji wetu alipita akienda Nairobi. Kuku. Mtu ambaye Mjomba mwenyewe hakuwa anamjua alikuja na salamu za mtu ambaye Mjomba alikuwa anamjua. Kuku wawili, kwa sababu alikuja na mkewe.

"Mjomba," nilimwambia, "tukiendelea hivi sitafikisha mayai Thika hata Jumamosi moja."

"Mpwa wangu, unataka nimpe mgeni mboga za majani?"

"Mpe mayai."

Alinitazama kwa huzuni, kama mtu anayetazama shule inavyoharibu vijana. "Mtu ametoka Butere, amelala njiani, anafika kwangu nimpe yai. Kesho watasema nini huko? Zakayo amekuwa Mzungu."

Na firigisi, bila shaka, ilikuwa yake. Kila mgeni alipokula paja au kidari, firigisi ilikwenda kwa mwenye nyumba, ndivyo ilivyo kwetu. Wakati mwingine niliona kwamba Mjomba alikuwa anafurahia wageni kwa sababu mbili.

Sasa, upande wa pili wa kahawa kilikuwepo kijiji kipya, vile vijiji vya miaka ile walimokusanywa wenyeji walioondolewa mashambani: nyumba za udongo zimesongamana, handaki limechimbwa kuzunguka, lango moja tu, na askari wa lango anayetaka kuona pasi. Mama mmoja kutoka hapo alikuwa akichuma kahawa upande wangu. Nilikuwa naandika madebe yake kila siku. Mumewe alikuwa amechukuliwa kambi ya kizuizini, na yeye alikuwa amebaki na binti yake Wanjiru na mama mkwe. Mbuzi wao hawakuwa na mahali pa kulishwa tena. Siku moja aliweka debe chini, akaniuliza, "Wewe karani, hizo kuku zako zinakula nini?"

"Zinakula kila kitu. Na wageni wanazila zenyewe."

"Kwetu hakuna mtu anakula kuku," akasema. "Mama ya bwana yangu hata yai hagusi. Anasema ndege ni za watoto kuchezea."

Nilisimama na kalamu yangu. Nyumba ambayo hakuna mtu anakula kuku. Nilikuwa nimesafiri nchi nzima, na nyumba ya namna hiyo ilikuwa hapo ng'ambo ya handaki.

Tulikubaliana hivi: nitampa Mama Wanjiru nusu ya kuku wangu, Stesheni akiwemo, awakalishe kijijini, yeye awalinde na kuwalisha, mayai tugawane, na yangu na yake yaende Thika pamoja kwa baiskeli niliyokuwa nimenunua. Alitoa mbuzi wake wa mwisho kwa jirani aliyekuwa na mabao, akajenga banda. Hapo nikaelewa kwamba si mimi tu niliyekuwa naweka kitu mezani. Mbuzi yule alikuwa ndiye mali yake yote iliyotembea kwa miguu. Mama mkwe wake, tuliyemwita Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu, alisimama mlangoni akitazama banda linavyoinuka.

"Umeuza mbuzi ununue manyoya," akasema. Kisha akaniangalia mimi. "Zikikufa hizi, wewe ndiyo utakamuliwa?"

Mama Wanjiru alikuwa mwanagenzi kama ninyi, na alinisumbua kama ninyi. Mwezi wa kwanza alifunga kuku ndani ya banda siku nzima akaniuliza kwa nini wanadonoana. Akawapa maji kwenye sufuria kubwa, vifaranga wakazama. Halafu akanifanyia lile la mayai ya memsahibu.

Mke wa meneja wetu alikuwa na kuku weupe, wakubwa, wa kizungu, ndani ya uzio wa waya. Mpishi wake aliuza mayai mlango wa nyuma. Mama Wanjiru akanunua, akamlaza Stesheni juu yake. Kwa siri, ili anishangaze. Stesheni alilala, akalala, akakonda, manyoya yakamtoka kifuani, na hakuna yai lililopasuka. Siku Mama Wanjiru alipolivunja moja, harufu ilijaa kijiji.

"Mzungu ameyachemsha," Cucu akasema. "Hawezi kukubali Mwafrika awe na kuku yake."

"Hajayachemsha," nikasema. "Uliona jogoo kwenye ule uzio?"

Mama Wanjiru akafikiri. "Hapana. Ni za kike tupu."

"Basi kutatoka kifaranga wa nani?"

Alifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. "Na mimi," akasema, "bwana yangu hayuko miaka hii yote. Ningejua mapema kuliko wewe."

Hata leo kuna kijana hapa kwetu amenunua mayai dukani akayaweka chini ya kuku wake. Sikumwambia kitu. Nimechoka.

Lakini Mama Wanjiru alikuwa hafanyi kosa moja mara mbili. Baada ya hapo alinipita. Aliwapima kwa vidole kila Jumapili akitoka kanisani. Aliwaogesha majivu dhidi ya utitiri. Mayai aliyapanga kwenye sanduku, akajaza makapi makavu ya kahawa katikati, na nilipoendesha baiskeli hadi Thika kwenye barabara ile yenye mashimo, sikuvunja hata moja. Mpishi wa hoteli aliyatumbukiza kwenye karai lake, yakazama, akasema, "Umerudi, wewe wa gari la moshi." Nikapeleka Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Nikaanza kuandika madebe kama mtu anayehesabu siku zake za mwisho.

Wakati huo nusu nyingine ya kuku wangu ilikuwa bado kwa Mjomba, ikiliwa.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hili ndilo ninalowaambia kila mara na ndilo msilolisikia. Kuku mgeni haingii kwa kuku wenyeji. Anafungiwa peke yake, mbali, wiki mbili nzima, analishwa mwisho, na wewe unanawa mikono baada ya kumshika. Hata kama ni mzuri, hata kama umepewa na askofu. Siku hizi mna chanjo na bado hamchanji. Sisi hatukuwa na kitu isipokuwa mlango.

Mgeni mmoja wa Mjomba alikuja kutoka nyumbani na kuku kikapuni, kama nilivyokuja mimi. Zawadi. Kuku alikuwa amesinzia. Nilikuwa kahawani. Niliporudi nilimkuta yumo ndani ya banda pamoja na wengine.

"Mjomba, ungemfunga kando."

"Nimfunge nje kuku aliyeletwa na shemeji yangu? Shemeji mwenyewe ameketi hapo ananitazama."

Shemeji aliketi hapo kweli, akanitazama, akiwa na paja la kuku mkononi.

Kuku yule alikufa kabla wiki haijaisha. Kisha wale wengine wakaanza kuinamisha mabawa, wakanya maji ya kijani, wakapinda shingo nyuma kana kwamba wanatafuta kitu angani. Kideri, ile tauni ya kuku. Hakimwachi kuku. Mama Rispa na mimi tulichimba shimo nyuma ya laini, tukawazika wote, tukachoma banda. Mjomba alisimama kando, kofia mkononi.

Walibaki wale wa ng'ambo ya handaki tu. Stesheni, watoto wake na wajukuu wake, na thamani ya mbuzi wa Mama Wanjiru ndani yao. Sikwenda kijijini. Nilichoma shati, nikasugua viatu kwa majivu na sabuni, na asubuhi nilisimama mbali na lango, nikamwita askari, mtu wa hapo hapo kijijini aliyeitwa Njoroge.

"Mwambie Mama Wanjiru asifungulie kuku. Na wewe usikubali kuku yeyote apite hapa. Hata mmoja."

"Mimi nimewekwa kuangalia watu," Njoroge akasema.

"Kuku mmoja akiingia, wote wa kijiji watakufa. Na wako pia."

Alikuwa na jogoo aliyempenda sana. Akanielewa.

Siku iliyofuata nilikuwa nimerudi pale pale, mbali na lango, nikisubiri Mama Wanjiru aniletee mayai ya Jumamosi mpaka kwenye jiwe tulilokubaliana. Nikamwona Mjomba Zakayo anakuja kwenye njia ya kahawa. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Chini ya kwapa alikuwa amebeba kuku.

Nilielewa kabla hajafika. Alikuwa na huzuni kwa yaliyotokea, na mtu wa kwetu akiwa na huzuni hasemi, analeta kuku. Alikuwa amekwenda sokoni, kwenye rundo la kuku waliotoka Gatuanyaga, Ngoliba na kila mahali, akachagua mzuri kuliko wote, na alikuwa anampeleka kwa Mama Wanjiru kuziba pengo.

"Wapi, mzee?" Njoroge akamuuliza.

"Naingiza huyu kwa Mama Wanjiru."

"Kuku haingii."

Mjomba alimtazama, kisha akamtazama kuku. "Siku hizi hata kuku anatakiwa kuwa na pasi?"

"Muulize karani wako," Njoroge akasema, akanionyesha kwa kidevu.

Mjomba akageuka akaniona. Nilikuwa mbali kidogo, ilibidi nipaze sauti, na watu waliokuwa langoni wote walisikia. Hicho ndicho nilichokichukia zaidi. Kumkatalia mjomba wako kuku ni kumkatalia damu ya mama yako. Kumkatalia mbele ya watu hakuna jina.

"Mjomba, mrudishe. Tafadhali."

"Nimemnunua kwa ajili yako."

"Najua. Akiingia, hawa nao watakufa. Yule mama hana kingine."

"Huyu ni mzima. Mwangalie macho."

"Hata yule wa shemeji alikuwa na macho."

Alisimama. Mama Wanjiru alikuwa ametokea langoni na sanduku lake la mayai, na hakujua amtazame nani. Nilifikiri Mjomba atapita kwa nguvu, na sijui Njoroge angefanya nini, maana miaka ile mtu hakupita lango kwa nguvu. Mjomba alibadilisha kuku kutoka kwapa moja hadi la pili.

"Mimi ndiye niliyekupa kitanda," akasema, si kwa sauti kubwa. Akageuka akarudi kwenye kahawa, koti la kanisani likiwa na manyoya ubavuni.

Mama Wanjiru aliweka sanduku juu ya jiwe, nikalichukua, nikaendesha hadi Thika. Mayai yalizama. Mpishi hakujua kitu.

Kuku wa kijiji hawakufa. Nikahama kwa Mjomba, nikapata chumba karibu na stesheni, nikaacha madebe. Yeye na mimi tulikuwa tunasalimiana kanisani, habari, nzuri, basi. Mama Rispa alinipa habari za nyumbani kwa siri kama mtu anayeuza pombe. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka siku ile barabarani, na kila Jumamosi nikirudi Thika na sanduku tupu nilikuwa na hasira, wala sikujua ni hasira na nani.

Mvua kadhaa zilipita. Mume wa Mama Wanjiru alirudi, mwembamba, mpole, akawa anafyagia banda bila kuambiwa. Pasi zikalegezwa. Mama Wanjiru alianza kwenda hotelini mwenyewe. Nikajikuta nimekaa stesheni nikitazama magari ya moshi, na miguu ikaanza kuniwasha. Mimi ndivyo nilivyo, nimefundisha watu kuku kutoka Kericho hadi Kampala na hakuna banda hata moja lililonifunga. Nikamwambia Mama Wanjiru kwamba Ijumaa naondoka, na kuku ni wake. Akasema nipite kwanza nile.

Ijumaa hiyo nilikuwa nimekaa mlangoni kwa Mama Wanjiru, ndipo Mjomba alipofika langoni. Handaki lilikuwa limeanza kujaa nyasi, lakini Njoroge alikuwa bado anakaa pale, kwa mazoea. Mjomba alisimama mbele yake, akainua mikono yote miwili juu.

"Sina kuku," akasema. "Nipekue."

Njoroge akampekua, kwapa zote mbili, mpaka ndani ya kofia. Kisha akampisha.

Mjomba alikaa karibu nami. Tulitazama mbele. Hapo ndipo nilipoona manyoya karibu na mafiga, na nikayajua kama ninavyolijua shati langu.

"Mama Wanjiru. Umechinja nani?"

"Ile nyekundu."

"Ile nyekundu inataga kila siku."

"Najua."

"Ulimpima?"

"Nilimpima asubuhi. Vidole vitatu, na nafasi ikabaki."

"Na ile nyeusi? Imefunga tangu mvua. Kidole hakiingii. Nimekwambia mara ngapi, nimekwambia miaka yote hii, kama ni lazima kuchinja—"

"Ile nyeusi iko hapo nyuma, inakula," akasema, akiweka bakuli mbele yetu. "Hiyo ni ya kuuza sokoni. Wewe unaenda. Nikupe ya soko?"

Mjomba alianza kucheka, chini chini kwanza, kisha ile sauti yake ya kanisani ikatoka yote. "Mpwa wangu," akasema, "huyu sasa ni Mluhya kutupita." Akatia mkono bakulini, akachakura mpaka akaipata firigisi. Aliishika, akaitazama muda mrefu. Kisha akaikata kwa meno, nusu akala, nusu akaniwekea juu ya ugali. Cucu alikula viazi vyake pembeni, akitutazama kama watu wanaokula kunguru.

Nilikula mpaka mifupa. Mjomba alinisindikiza stesheni, akabeba sanduku langu.

Mama Rispa ndiye aliyenieleza, baada ya miaka, yaliyotokea kesho yake. Mama Wanjiru alipeleka mayai hotelini kama kawaida. Mpishi aliyatumbukiza, yakazama, akayahesabu, akayahesabu tena.

"Limepungua moja," akasema. "Liko wapi?"

"Liko kwenye gari la moshi," Mama Wanjiru akamjibu.